Gari linawaka halafu linazima: soma dalili kabla hujanunua spea

Gari likiwaka, hata kama ni kwa sekunde mbili tu, limeshakupa habari nyingi. Stata ni nzima. Betri ina nguvu. Cheche imepatikana, mafuta yamefika, hewa imeingia, na cheni ya taimingi iko mahali pake. Kazi iliyobaki ni kujua ni kipi kati ya hivyo kilichokatika baada ya injini kuwaka. Ndiyo maana inaniuma kuona gereji ikianza kwa kufungua na kununua. Leo plagi mpya, kesho pampu ya mtumba kutoka Ilala, keshokutwa koili, na gari bado linazima vilevile. Hela ya ada ya mtoto imeisha, na vifaa vilivyokuwa vizima vimeng'olewa kupisha vya mtumba ambavyo hakuna ajuaye vimetoka kwenye gari la hali gani.

Nazungumzia zaidi magari ya petroli yaliyokuja kutoka Japani yakiwa yametumika, kwa sababu ndiyo tunayoendesha wengi wetu: Vitz, IST, Raum, Probox, Premio, Noah, X-Trail. Dizeli ina mambo yake, nitaifikia.

Limezima lini, na limezimaje?

Kabla ya kufungua boneti, jibu maswali haya mawili na uyaandike kwenye simu. "Fundi, nikiachia ufunguo tu linazima" ni ugonjwa mmoja. "Linazima nikikaa kwenye foleni nusu saa, likipoa linawaka" ni mwingine kabisa. Na "lilianza siku tuliyobadilisha betri" ni wa tatu. Mteja akifika gereji na sentensi moja ya namna hiyo, fundi mzuri ameshapunguza nusu ya kazi.

Namna ya kuzima nayo inasema. Injini inayokata ghafla, bila kutetemeka wala kukohoa, kwa kawaida imenyimwa umeme: swichi, relei, sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka), alamu. Injini inayopwaya, ikatetemeka, ikashuka taratibu hadi ikazima, mara nyingi imekosa mafuta au uwiano wa hewa umeharibika. Tazama pia mshale wa RPM. Ukidondoka sifuri wakati injini bado inazunguka, kompyuta ya injini imepoteza taarifa za mzunguko au umeme umekatika. Ukishuka sambamba na mlio wa injini, fikiria mafuta na hewa kwanza. Hii si hukumu ya mwisho, ni mahali pa kuanzia.

Kisha taa za dashibodi. Ufunguo ukiwa ON kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, na balbu ni nzima, kompyuta haipati umeme. Nenda kwenye fyuzi na relei ya EFI, yaani mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta. Gari likizima huku ufunguo bado uko ON, taa za betri na oili zinapaswa kujitokeza. Dashibodi nzima ikifa pamoja na injini, kagua vichwa vya betri, waya wa ethi unaoingia kwenye bodi, na swichi ya ufunguo. Kichwa cha betri kinachozunguka kwa vidole kimewapeleka watu wengi kununua pampu.

Linazima ukiachia ufunguo, au ndani ya sekunde mbili

Swichi ya ufunguo ina njia tofauti za umeme kwa START na kwa ON. Ikichakaa upande wa ON, injini itawaka wakati stata inazunguka, na itakata mara tu ufunguo unaporudi. Likifanikiwa kubaki linawaka, tikisa ufunguo kidogo, gari likiwa limesimama. Likikata au taa zikipepesa, umepata. Rundo la funguo zito linaloning'inia pale miaka kumi ndilo linaloila swichi.

Magari ya zamani ya kabureta na pointi yana rezista ya balasti kwenye njia ya koili. Wakati wa stata umeme unaipita pembeni. Ukiachia ufunguo unapita ndani yake. Rezista ikikatika, unapata dalili ileile. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini wengi wamebadilisha koili na distributa wakiwa hawajakigusa.

Halafu kuna immobilaiza, kinga ya wizi inayotambua chipu ya ufunguo. Kwenye baadhi ya magari, hasa Volkswagen, kompyuta isipoutambua ufunguo injini inawaka kwa sekunde moja au mbili kisha inakatwa makusudi, kila mara kwa muda uleule. Angalia taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikibaki inapepesa baada ya kuweka ON, jaribu ufunguo wa pili. Ufunguo wa kuchongesha mtaani bila chipu utafungua mlango lakini injini haitaukubali. Chipu ya ufunguo wa kawaida haitumii betri, kwa hiyo kubadilisha betri ya rimoti hakutibu tatizo hili.

Hapa kwetu, hata hivyo, mtuhumiwa ninayemtazama mapema kuliko wote ni alamu ya kufungwa baadaye, au kile kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji au mwenye gari la biashara. Vifaa hivi hukata waya wa pampu ya mafuta au wa swichi na kuupitisha kwenye relei ndogo. Kiungo kikifungwa kwa gundi ya nailoni tu, bila kuchomelewa risasi, kinapata kutu, kinapata joto, na siku moja kinaachia. Fungua plastiki ya chini ya usukani. Ukiona relei nyeusi inayoning'inia na waya zilizosokotwa kwa mkono, anza hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kama gari lina mkataba wa mkopo, mpigie mwenye kifaa aje akikague; usikikate mwenyewe.

Linawaka, linakaa sekunde chache, linapwaya na kuzima

Hapa unatafuta mafuta. Injini imewaka kwa mabaki ya presha iliyokuwa kwenye bomba, ikayamaliza, na mengine hayakuja.

Kuna kosa moja la kawaida kwenye hatua hii. Fundi anaweka ufunguo ON, anategea sikio kwenye tangi, hasikii mlio, anasema pampu imekufa. Toyota nyingi haziwashi pampu kwa ON; zinaiwasha stata inapozunguka na kuendelea baada ya kompyuta kupokea taarifa za mzunguko wa injini. Ukimya kwa ON haumaanishi chochote kwenye gari la namna hiyo. Mtu mmoja apige stata, mwingine ategee sikio chini ya siti ya nyuma.

Kipimo cha kweli ni geji ya presha. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyo kwenye IST, Probox na Premio nyingi, presha inapaswa kuwa kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukizima injini, ibaki angalau kPa 147 kwa dakika tano. Ikishuka haraka, kuna nozeli inayovuja au vali ya pampu haizuii mafuta kurudi tangini. Ikiwa ndogo tangu mwanzo, usikimbilie pampu. Pima umeme kwenye plagi ya pampu injini ikijaribu kuwaka. Ukipata volti 9 wakati betri ina 12, pampu inasingiziwa. Tatizo ni waya, relei au ethi.

Kama umeme upo na presha haipo, toa pampu utazame chujio lake la chini. Mara nyingi limejaa tope la kahawia. Pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo tabia ya kuweka lita tano tano na kutembea na taa ya mafuta ikiwaka inaichosha na kuifanya ivute uchafu wa chini ya tangi.

Mafuta yenyewe pia yapimwe. Chota kidogo kwenye chupa angavu, uache yatulie. Maji yatakaa chini na utauona mstari. Mafuta ya taa ni magumu zaidi kuyaona kwa macho, na ndiyo sababu EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, ili uchakachuaji ugundulike kwa kipimo. Kama gari lilianza kuzima ndani ya kilomita chache baada ya kujaza, tunza risiti.

Ukiwa huna geji, kuna njia ya kutenganisha mafuta na cheche: pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa hewa wakati msaidizi anawasha. Injini ikiendelea kuwaka kwa muda wote unaopulizia, cheche ipo na mafuta ndiyo hayafiki. Fanya hivyo nje, kizima moto kikiwa karibu, uso wako ukiwa mbali na ule mdomo. Injini inaweza kurudisha moto.

Likikanyagwa linaendelea, ukiachia linazima

Hii ndiyo dalili inayoletwa gereji kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ukishikilia mafuta gari linanguruma vizuri. Ukitoa mguu, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, inashuka, na gari linazima. Pampu ingekuwa mbovu, gari lingekosa nguvu zaidi ukikanyaga. Kwa hiyo mafuta yapo; kinachokosekana ni hewa sahihi wakati throto, yaani mlango wa hewa ya injini, imefungwa.

Anza na historia. Kama betri ilitolewa au kubadilishwa siku hizo, sababu karibu unayo mkononi. Kwa miaka mingi masizi yamejijenga pembezoni mwa kisahani cha throto bodi na kupunguza hewa inayopita. Kompyuta ilikuwa ikijirekebisha kidogo kidogo, ikifungua njia zaidi ili sailensi ibaki karibu na mizunguko 700. Betri ilipotolewa, yale marekebisho yakafutika. Kompyuta sasa inafungua kiasi cha throto safi, wakati throto ni chafu. Injini inakosa pumzi. Betri mpya haina kosa, na wala haihitaji kurudishwa dukani.

Dawa ni kusafisha. Zima gari, toa bomba la hewa, nyunyizia dawa ya throto kwenye kitambaa na ufute kisahani na ukuta wake. Kwenye throto ya umeme usikisukume kisahani kwa nguvu, na usikiguse kabisa ufunguo ukiwa ON. Toyota za mwanzo zenye waya wa akselereta zina vali ndogo ya sailensi pembeni mwa throto bodi, nayo inakwama kwa masizi. Safisha njia zake. Baada ya hapo washa, zima AC, redio na taa, uliache lipate moto hadi feni ya rejeta izunguke, kisha uliache tena kama dakika kumi bila kukanyaga. Nissan nyingi zina utaratibu wake wa kufundisha sailensi na hazitatulia mpaka ufanywe kwa mashine au kwa hatua za pedali. Mwenye X-Trail aulize hilo kabla ya kukubali kusafishiwa throto.

Throto ikiwa safi na tatizo lipo, tafuta hewa inayoingia pembeni. Sensa ya hewa iko karibu na filta. Hewa ikiingia baada yake, kompyuta haiihesabu, na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Bomba la mpira kati ya filta na throto hupasuka kwenye mikunjo ya chini, mahali ambapo macho hayafiki. Lipinde kwa mkono uone. Kisha mpira wa buusta ya breki, mpira wa vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini) na mipira midogo ya nyuma ya manifoldi. Bana mmoja mmoja kwa koleo lenye midomo laini gari likiwaka. Ukibana mmoja na sailensi ikatulia, umefika. Nashauri njia hii kuliko kunyunyizia petroli kwenye injini ya moto, jambo ambalo bado naliona likifanyika na ambalo linaweza kuunguza gari na mtu.

Sensa ya hewa yenyewe ijaribiwe hivi: zima, chomoa plagi yake, washa. Kompyuta nyingi zitatumia makadirio. Gari likiendelea kuwaka wakati lilikuwa linazima, ama sensa ni chafu au bomba linavuta hewa. Isafishe kwa dawa yake maalumu tu. Petroli na kitambaa vinaharibu waya wake mwembamba.

Kama linazima hasa asubuhi likiwa baridi, au lina harufu ya petroli na plagi nyeusi, pima sensa ya joto la maji. Kwa Toyota, inapaswa kusoma kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni ya moto wakati ni baridi, mafuta yanapunguzwa na gari linazima. Ikidanganya kinyume chake, linazama kwenye petroli. Na hapa naomba kwa dhati: msikubali thamostati itolewe "kwa sababu nchi yetu ni ya joto." Injini isiyofika joto lake inaendelea kumwagiwa mafuta ya asubuhi siku nzima, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anaanza safari nyingine ya kununua vifaa.

Likipata moto linazima, likipoa linawaka

Limetembea vizuri Dar hadi Chalinze, likakata ghafla. Dakika ishirini kivulini, linawaka kama hakuna kilichotokea. Sensa ya krenki iwe ya kwanza kwenye orodha. Waya wake wa ndani hutanuka kwa joto na kukata mawasiliano, ukipoa unarudi. X-Trail za T30 zenye injini ya QR20 zimejulikana sana kwa sensa za krenki na kemu. Likizima likiwa la moto, weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya sensa kwa dakika chache; likiwaka mapema kuliko kawaida, ushahidi umeongezeka. Kwa kifaa hiki sishauri mtumba, kwani sensa iliyokaa kwenye joto miaka kumi na tano haina maisha ya kukuuzia.

Wengine wanaofanana nayo ni koili, relei ya EFI, na pampu iliyochoka. Ili kuwatenganisha, pima palepale lilipozimia, kabla halijapoa: cheche ipo? Presha ipo? Gari likivutwa hadi gereji litakuwa limeshapoa na linawaka vizuri, na fundi atabaki kubahatisha.

Likikuzimia mwendoni, breki zinabaki na msaada wa mikanyago michache tu na usukani unakuwa mzito. Usiipige breki kwa vipande vipande. Kanyaga mara moja kwa nguvu na udhibiti, toka pembeni, weka pembetatu mbali nyuma. Gari lenye tabia hii lisipelekwe mlima Kitonga mpaka limetengenezwa.

Dalili nyingine, kwa haraka

Linazima mara baada ya kujaza tangi, likiwaka kwa shida: vali ya mvuke wa tangi imekwama wazi na inamimina mvuke wa petroli kwenye injini. Chomoa mpira wake upande wa manifoldi, ziba, jaribu.

Linazima ukiweka D au ukisimama, kwa kutetemeka kama gari la gia za mkono lililosimamishwa bila kukanyaga klachi: kagua sailensi kwanza, ikiwa sawa, kufuli la konveta (kinachounganisha injini na gia boksi ya otomatiki) huenda haliachii.

Linazima ukiwasha AC: throto chafu, au kompresa inayokaribia kukwama.

Linakosa nguvu, linapumua kwa shida, kisha linazima: masega ya ekzosi (kisafisha moshi) yameziba. Ukilegeza sensa ya oksijeni na gari likapata nguvu, jibu umelipata.

Injini za D-4, mfano 1AZ-FSE na 3S-FSE, hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haioshi njia za hewa. Masizi hujaa kwenye manifoldi na sailensi kuwa ya shida. Hapo kusafisha throto peke yake hakutoshi.

Kuhusu kupima kwa mashine

Soma misimbo ya hitilafu, lakini isome kama ushahidi. P0335 inaelekeza kwenye mawasiliano ya sensa ya krenki, ikiwemo waya na plagi yake. P0171 inasema mchanganyiko ni mwembamba; haisemi nunua sensa ya oksijeni. Magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ya matundu 16, ila visomaji vya bei ndogo haviongei nayo hata vikichomeka vizuri. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo unaweza kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, ukaweka ON na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa: 14 ni mfumo wa cheche, 22 joto la maji, 31 sensa ya hewa. Kuwa makini na tundu la 16, lina umeme wa betri muda wote.

Dizeli

Hilux yenye 3L au Land Cruiser yenye 1HZ ikiwaka asubuhi, ikanguruma kwa muda mfupi na kuzima, mara nyingi inavuta hewa kwenye njia ya mafuta. Dizeli iliyobaki ndani ya pampu ndiyo iliyoiwasha, kisha hewa ikafika. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta hadi iwe ngumu. Ikiwaka na kutulia, halafu kesho yake pampu ya mkono imelegea tena, kuna mpira, oringi au kichwa cha filta kinachovuja. Funga kipande cha bomba angavu kwenye njia ya kuingilia pampu na utaona mapovu. Mwaga pia maji ya chini ya filta. Ikikata ghafla badala ya kupwaya, shika waya wa solenoidi ya kuzimia; ukilegea, pampu inafungwa.

Kwa D-4D, yaani 1KD na 2KD za Prado, Vigo na Hiace, sailensi inayopanda na kushuka kisha kuzima inaelekeza kwenye vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu ya presha. Badilisha filta kwanza, na usilegeze mabomba ya presha injini ikiwaka. Mafuta yake yanaweza kupenya ngozi.

Ukishatengeneza, lirudishe gari kwenye hali ileile iliyolizimisha. Lililokuwa linazima asubuhi lilale usiku kucha kwanza. Lililokuwa linazima kwa joto likae kwenye foleni ya mchana na AC ikiwaka. Na kifaa cha zamani mwombe fundi akurudishie, ukiweke nyumbani mpaka uwe na hakika.